Titi la kushoto limebaki juu

Mama mmoja wa komini Katuba, Lubumbashi, muuza vitenge, alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Familia iliuza kiwanja, akaenda India kuwekewa la bandia, la silikoni. Miaka ilipopita, kovu lililolizunguka ndani lilikaza, titi likawa gumu na kuuma. Daktari akalibadilisha. Maumivu yakaisha, lakini la kushoto limebaki juu, la kulia limeshuka.

Shemeji akauliza: «Kiwanja kiliuzwa kwa hii?»

Akajibu: «Kiliuzwa ili nipone. Nimepona.»

Leo anatia kitambaa ndani ya sidiria, anaenda sokoni. Juma lililopita alimshonea kingine mama aliyekimbia vita Mitwaba, naye alikatwa titi. Akamwambia: «Ukigusa uvimbe mpya, usingoje. Rudi kwa daktari.»