Kilwa Haikuwa na Duara

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Geita nikakuta mdogo wangu ameacha shule. Alikuwa kidato cha tatu. Siku hizi anashinda mwaloni, anakamata dhahabu kwa zebaki mikono mitupu, na mfukoni ana hela kuliko mimi ninayesubiri boom.

"Kaka, dhahabu haimtupi mtu," aliniambia.

Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa historia, kichwa kimejaa Kilwa Kisiwani. Basi nikamsimulia.

Kisiwa kile hakikuwa na duara hata moja. Dhahabu ilichimbwa mbali bara, kwenye nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, kisha majahazi yakaipeleka Kilwa. Wenyeji wa Kilwa walitoa vitambaa na shanga, wakatoza na ushuru. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na jumba la Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane.

Dogo akacheka. "Kwa hiyo waliotajirika ni mabroka!"

"Ndiyo."

"Na waliochimba?"

Hapo nikakwama. Watawala wa Great Zimbabwe waliacha kuta za mawe, lakini mchimbaji mwenyewe hatumjui hata jina. Hata Kilwa dhahabu haikukaa. Sarafu zake nyingi zinazookotwa ni za shaba. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora, na leo ni magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Usiku ule sikulala vizuri. Darasani nilikuwa najivunia Kilwa kama vile ni kwetu, kumbe kwenye hadithi ile sisi watu wa Geita ndio wale wa bara. Tofauti ya mwenye duara na broka wa Kilwa haikuwa jasho. Broka alijua bei ya upande wa pili wa bahari, mchimbaji hakuijua.

Asubuhi nikamwonyesha dogo kwenye simu bei ya dunia. Nikamweleza kwamba inatajwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 31.1. Akagawanya mwenyewe kwenye kikokotoo, akanyamaza. Alikuwa anauza palepale mwaloni kwa bei anayotajiwa, wakati Geita ina soko la dhahabu tangu 2019.

Shule hajarudi. Mama bado analia. Ila juzi alinipigia usiku, akaniuliza mtahiniwa wa kujitegemea anajisajili wapi, na kama hesabu za kidato cha nne ni ngumu kuliko ile ya aunsi.

Nikamwambia si ngumu sana. Nikimaliza UE nakuja, tutaanza wote.