Siku Moja London: Pampu Isiyo na Mkono

Mwezi wa Juni mwaka 2025 nilikwenda London, mji mkuu wa Uingereza. Mdogo wangu anaishi huko pamoja na mke wake na watoto wawili. Yeye ni muuguzi. Alinikatia tiketi ili nikawaone.

Jumamosi moja aliniambia, "Kaka, leo sina zamu. Twende tukautembelee mji." Shemeji alifunga chapati na kujaza chupa ya chai, kwa sababu chakula cha huko mjini ni ghali.

Tulipanda treni inayopita chini ya ardhi. Watu wa London walianza kusafiri kwa treni za namna hiyo mwaka 1863. Ngazi za kushukia zinakwenda zenyewe. Nilimshika mkono mtoto mdogo. Sijui nani alikuwa akimwongoza mwenzake.

PAMPU YA SOHO

Tulitoka juu, tukaenda kwa miguu hadi mtaa wa Broadwick, katika sehemu iitwayo Soho. Zamani mtaa huu uliitwa Broad. Nilidhani nitaonyeshwa jumba kubwa. Nilionyeshwa pampu ya maji. Haina mkono wa kupampia.

Mtoto aliniuliza, "Baba mkubwa, mbona imevunjika?"

Baba yake akajibu, "Haikuvunjika. Mkono uliondolewa makusudi." Akatueleza habari yake.

Mwishoni mwa Agosti mwaka 1854, kipindupindu kiliingia mtaani hapo. Kwa siku kumi tu watu zaidi ya 500 walikufa. Wakubwa wengi wa wakati ule walisema ugonjwa huu huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Marehemu alikunywa maji ya wapi?" Wengi walikuwa wamekunywa maji ya pampu ile.

Palikuwa na mama mmoja mjane aliyehamia Hampstead, mbali na hapo. Aliyapenda maji ya pampu ile, hata akawa analetewa kwa gari la farasi. Naye alikufa. Lakini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilicho karibu na pampu hawakuugua. Wao walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Daktari Snow alipeleka habari hizi kwa viongozi wa mtaa. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uliondolewa. Baadaye chanzo kilijulikana. Karibu na kisima palikuwa na shimo la kinyesi lililovuja. Mama mmoja alikuwa amefua nepi za mtoto wake mgonjwa, akamwaga maji yale shimoni.

Pampu tuliyoiona si ile ya zamani. Ni mfano wake, umewekwa ili watu wakumbuke.

Mimi na mdogo wangu tulinyamaza. Baba yetu alikufa kwa kipindupindu mwaka 1997. Kijijini kwetu nyumba nyingi hazikuwa na choo, nasi tulikunywa maji ya mto. Watu walisema tumerogwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaamini.

Mdogo wangu alisema, "Laiti mtu angetuambia."

Nikamjibu, "Bwana afya alituambia tuchemshe maji. Baba alisema maji ya mto ule waliyanywa babu zake."

MTO ULIONUKA

Tulipita uwanja wa Trafalgar. Watoto walipiga picha mbele ya simba wakubwa wa shaba. Kisha tukashuka hadi mto Thames, tukakaa kula chapati zetu.

Mto huu nao ulikuwa na uchafu mwingi. Vyoo vya mji vilimwagika humo, na watu wengi walikunywa maji yake. Mwaka 1858 jua lilikuwa kali, mto ukanuka kupita kiasi. Bunge liko kando ya mto. Mapazia yake yalilowekwa dawa ili kupunguza harufu, lakini haikusaidia. Basi wabunge wakapitisha sheria upesi.

Kazi ilisimamiwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Alijenga mitaro mikubwa chini ya ardhi, zaidi ya kilometa 130, ya kupeleka maji machafu mbali na mji. Barabara ya kando ya mto tuliyopita ina mtaro mmojawapo chini yake.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi. Kiliua watu wengi upande wa mashariki, ambako mitaro ilikuwa bado haijakamilika. Baada ya hapo London haikupata tena mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo. Lakini kazi haikwisha. Mji ulikua, na mvua ikinyesha mitaro ilifurika. Mtaro mwingine mpya, wa kilometa 25, ulianza kazi kamili mwaka 2025.

Saa kumi jioni tulisimama chini ya mnara wa saa karibu na Bunge. Kengele yake kubwa, Big Ben, ina uzito wa zaidi ya tani 13. Watoto waliziba masikio wakicheka. Mimi nilikuwa bado nawaza ile pampu.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, hatuna fedha za kujenga mitaro kama ya London. Lakini Daktari Snow hakuanza na mitaro. Alianza kwa kuuliza. Nasi tuulize: maji yetu yanatoka wapi, na vyoo vyetu viko wapi?

Kila nyumba ichimbe choo, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Tuchemshe maji ya kunywa. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula. Mtu akiharisha sana, tumnyweshe maji yenye dawa ya chumvichumvi, tumpeleke zahanati mara moja. Tusingoje kutafuta mchawi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mkono wa pampu uliondolewa?
2. Kwa nini kipindupindu kiliua watu wengi mashariki ya London mwaka 1866?
3. Katika kijiji chetu, ni kisima kipi kilicho karibu na choo? Tutafanya nini, na lini?