Namba Isiyohama

Nilipoanza kazi ya ugani, Kilolo ilikuwa bado sehemu ya Iringa Vijijini, na ukitaka karatasi yoyote ya maana ilibidi upande gari hadi mjini. Huko masjala ilikuwa chumba chenye kidirisha cha kupokelea barua, rafu za mbao, majalada yaliyokazwa kwa kamba, na mama mmoja mtunza kumbukumbu ambaye hakuruhusu mtu kuvuka upande wake wa meza, awe mkubwa kiasi gani.

"Kamwene, bwana shamba. Barua gani?"

"Kamwene, mama. Ile ya bakajani chelewa ya viazi."

"Hapa hakuna barua inayoitwa ile. Taja jalada, taja folio."

Nilimwona mkorofi, na kwa kweli alikuwa mkorofi kidogo. Lakini kazi yake niliitazama kwa jicho la wizi kila nilipokuwa nasubiri. Barua ikiingia iligongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa kwenye rejista, ikatobolewa matundu na kuvishwa kwenye jalada lake, kisha ikapewa namba ya folio kwa kalamu nyekundu, juu kulia. Afisa aliyetaka kuizungumzia kwenye dokezo hakunakili maneno yake. Aliandika tu kwamba folio 31 yahusika, na msomaji alifunua mwenyewe. Jalada likinenepa lilifungwa, ikafunguliwa juzuu ya pili, lakini 31 ya juzuu ya kwanza ilibaki 31. Jalada lenyewe lingeweza kuwa rafuni, mezani kwa mkurugenzi au limefungiwa kabatini na mtu aliyekwenda likizo. Namba haikujali lilipo.

Ubaya wa mfumo ule ulionekana Kilolo ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka 2002. Barua zetu mpya ziliendelea kurejea Kumb. Na. za majalada ya Iringa, wakati majalada yenyewe mengine yalihamia kwetu, mengine yalibaki, na mengine yalifunguliwa upya kwa namba nyingine. Ukisoma "tafadhali rejea barua yetu ya awali" unabaki unajiuliza irejewe wapi. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, na maneno kama "utunzaji wa kumbukumbu" yakaanza kusikika hata kwetu sisi wa jembe. Kwangu mimi somo lilikuwa limeshaingia kwa njia ya miguu.

Maandishi yangu binafsi wakati huo yalikuwa kwenye kaunta buku. Wilaya hii ina sura mbili: chini, kandokando ya barabara kuu, kuna vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kisha unapanda Kitonga na kuzikuta nyanya za Ilula; juu, Dabaga na kuelekea misitu ya Udzungwa, kuna baridi, viazi na njegere. Kila zao lilikuwa na kurasa zake. Picha za studio, lebo za viuatilifu na majibu ya udongo nilivitia kwenye bahasha za kaki zenye namba, na kwenye ukurasa niliandika "tazama b. 12". Bila kujua nilikuwa nimeanzisha masjala chini ya kitanda.

Kompyuta ilipokuja iliniharibia utaratibu huo. Kila mtu alibandika picha ndani ya ripoti, nami nikabandika. Ripoti ya kurasa nne ikawa haiingii kwenye flashi. Uzito ulivumilika, kero ilikuwa nakala. Picha moja ilikaa ndani ya ripoti tano, na ukirekebisha maelezo yake katika moja, zile nne zinaendelea kusema ya zamani.

Kantangaze ndiye aliyenifanya nichoke. Nondo huyu mdogo, asili yake Amerika Kusini, aliingia Ulaya kupitia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaripotiwa kwa mara ya kwanza nchini, upande wa Arusha. Haikuchukua muda akawa Ilula. Kiwavi wake huchimba katikati ya ngozi mbili za jani la nyanya na kuacha baka pana, jeupe kama karatasi ya mafuta, lenye punje nyeusi za kinyesi ndani. Baadaye huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Wadudu wengine wachimba majani huacha kijia chembamba kinachojikunja. Picha zilizonifikia mwanzoni zilichanganya hao wawili, na maelezo yasiyo sahihi yalikuwa yameshasambaa ndani ya nakala ambazo hakuna awezaye kuzifuata tena.

Kijana mmoja mtafiti aliyepita akielekea Uyole ndiye aliyenionyesha Zotero, programu ya bure ya kutunzia marejeo. Ndani yake, ukiambatisha faili, unaulizwa kwa namna fulani swali la mama yule wa masjala: nichukue nakala nikae nayo, au niandike tu lilipo? Nakala hulala ndani ya programu na husafiri nayo, ila nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300, na ripoti zilizoskaniwa huimaliza upesi. Kiungo hakina uzito wowote, lakini kinashika anwani ya mahali. Chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, Windows ikiipa herufi E badala ya D, viungo vyote vinakufa kwa pamoja. Kuna mpangilio wa kuweka folda moja ya msingi ili anwani zihesabiwe kuanzia hapo, na huo huponya sehemu kubwa ya ugonjwa. Kwa nini haupo mbele pale mtu anapoanza, sijui.

Obsidian, programu ya kuandikia na kuunganisha maandishi, ilipotoka mwaka 2020 nilihamishia huko makala zangu za mazao. Kiungo chake hutaja jina la faili ndani ya mabano mraba mawili, na jina likiwa la pekee, hulipata faili popote lilipo ndani ya folda kuu. Hapo nikarudia kalamu nyekundu. Kila faili langu sasa linaanza na K na tarakimu nne: "K-0412 kantangaze jani Ilula". Folda naweza kuzipanga na kuzipangua. K-0412 ni K-0412, na maelezo yake yanaishi katika ukurasa mmoja tu.

Wapenzi wa programu hizi humtaja sana Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeacha kadi zipatazo 90,000, kila moja na namba isiyobadilika. Hawasisitizi sana kwamba kabla ya uprofesa alikuwa mtumishi wa serikali katika jimbo la Niedersachsen. Mimi niliposoma hilo sikushangaa hata kidogo.

Siku hizi mizigo mingi huja kwa WhatsApp. Picha inaingia ikiitwa IMG, tarehe, WA na namba, na taarifa za mahali ilipopigwa zimeshaondolewa njiani. Nampigia mkulima palepale kumuuliza ni shamba lipi, kabla hajasahau. Sauti ndizo ngumu zaidi. Mzee wa Ukwega hunitumia dakika sita za Kihehe, nusu yake salamu na habari za ng'ombe. Faili naliunganisha zima kwenye makala ya viazi, halafu naandika mwenyewe pembeni: dakika ya nne anaanza kutaja mbegu ya Kikondo, na dakika ya tano anataja dawa aliyopulizia, ila jina lake kalitamka kwa namna ambayo bado naitafuta dukani.