Gurudumu, Difu na Hazina ya Fundi

Utamaduni wa taifa aghalabu huelezwa kwa ngoma, mavazi, vyakula, hadithi na nyimbo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajatimia. Watu huonyesha utu wao pia katika namna wanavyotunza vitu wanavyovitegemea. Jembe lililonolewa kabla ya masika, jahazi lililokalafatiwa kabla ya kushushwa majini, na gari lililokaguliwa kabla ya safari, vyote hutoa ushahidi juu ya wenyewe. Nataka kueleza sehemu ndogo ya utunzaji huo, ambayo hukaa gizani chini ya gari, imefunikwa na matope na grisi: beringi za magurudumu ya nyuma, na kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita difu.

Mimi ni mtu wa kalamu. Kazi yangu imekuwa ya mafaili, na faraja yangu mashairi. Lakini katika miaka ya 1990 nilitumikia ofisi moja ya serikali katika milima ya Usambara, na ofisi ile ilikuwa na Land Rover Series III. Gari la aina hiyo liliundwa Uingereza toka mwaka 1971 mpaka 1985, nalo ni mjukuu wa lile lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Fundi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwa kuwashikia wakubwa wake taa na spana. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniita mwanangu. Mengi ya haya ninayoyaeleza niliyaona mikononi mwake.

Difu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza mzunguko, kwa kuwa shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi imelala kwa urefu wa gari, na ekseli imelala kwa upana wake. Pinioni yenye meno machache husukuma gurudumu kubwa la meno, mwendo ukapungua na nguvu ikaongezeka. Katika Land Rover niliyoitaja, shafti ndefu huzunguka mara 47 ili magurudumu yazunguke mara 10.

Kazi ya pili ndiyo yenye hekima zaidi, na mwanafunzi aliyepata kucheza kwata ataielewa upesi. Mstari wa watu wanne unapogeuka, aliye ndani hupiga hatua fupi na aliye nje hupiga hatua ndefu. La sivyo mstari huvunjika. Gari nalo likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburuzwa, tairi lingelika na ekseli ingeteseka. Ndani ya difu mna gia ndogo zinazoruhusu gurudumu moja lipunguze mwendo na jingine liongeze kwa kadiri ile ile. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mpango huu kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820. Hata hivyo, hekima hiyo ina kasoro yake: katika utelezi, gurudumu lililokosa mahali pa kushika huzunguka bure, na mwenziwe husimama.

Beringi ndiyo inayobeba gurudumu. Beringi za habu ya Land Rover hazina gololi, bali zina rola zilizochongwa kwa mshazari, nyembamba upande mmoja, zikizunguka ndani ya kikombe cha chuma. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hii mwaka 1898. Ule mshazari huziwezesha kubeba uzito utokao juu na pia msukumo wa ubavuni. Kila habu ina beringi mbili zilizoelekeana, na habu hukaa juu ya mrija wa ekseli, ambamo hafushafti hupita kwa kazi ya kuzungusha tu. Hafushafti ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Katika magari mengi madogo ya zamani, kama Ford Cortina, mambo ni tofauti: gurudumu hufungwa kwenye hafushafti yenyewe, na beringi pamoja na pete yake ndivyo vinavyoizuia isichomoke. Pete hiyo ikilegea, gurudumu laweza kutoka barabarani pamoja na shafti yake. Basi mngurumo wa nyuma si jambo la kufunikwa kwa kuongeza sauti ya redio.

Ukarabati huanza kwa kuzuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Gari huinuliwa kwa jeki, kisha huegemezwa juu ya stendi imara, maana jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Gurudumu na dramu ya breki vikishatoka, hafushafti huchomolewa, ulimi wa washa ya kufungia hukunjuliwa, na nati mbili kubwa hufunguliwa. Habu hutoka na beringi zake. Kila kitu huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa, ndipo jicho lifanye kazi yake. Rola yenye rangi ya samawati imeungua kwa kukosa grisi. Yenye vishimo imechoka. Kikombe chenye mistari kimeliwa na mchanga. Beringi hubadilishwa pamoja na kikombe chake, kwa kuwa kuoanisha kipya na kikuukuu ni kuua kipya. Grisi haipakwi kwa juu juu. Hushindiliwa kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa rola.

Linalofuata ni jambo la kipimo. Nati ya ndani hukazwa huku habu ikizungushwa, ili rola zikae sawa, kisha hulegezwa kidogo, ubaki mwanya wa milimita 0.10 hadi 0.15, ambao ni kama unene wa karatasi ya daftari. Ukikaza mno, beringi itapata moto na kuungua. Ukilegeza mno, gurudumu litayumba. Ndipo nati ya pili hufungwa na washa hukunjwa. Mtunzi wa mashairi hawezi kuyatazama haya bila kukumbuka mizani: silabi moja ikizidi au ikipungua, mstari hulemaa, ingawa maneno yote ni mazuri.

Difu haidai mengi, lakini haisamehi kusahauliwa. Oili yake, ya gia namba 90, humwagwa ikiwa na joto la safari, ili itoke pamoja na uchafu. Mzee wetu hakufungua kizibo cha chini kabla ya kufungua cha juu, kwa sababu kizibo cha kujazia kikigoma, gari litabaki kavu lisiweze kwenda popote. Aliisugua oili kati ya vidole: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, bali kipande cha jino ni habari ya msiba. Oili mpya hutiwa gari likiwa mahali pa tambarare, mpaka ifike ukingo wa tundu. Na tundu la kupumulia la ekseli husafishwa. Likiziba, joto huongeza msukumo ndani, oili hutafuta njia kwenye sili, na ikishapita sili huingia katika breki.

Siku moja mkubwa wa ofisi alitaka kuteremka Mombo kwa kazi za serikali. Habu ilikuwa wazi, beringi mpya zimewasili, lakini sili haikuletwa. Dereva alishauri ile ya zamani irudishwe kwa siku moja tu. Mzee alifuta mikono yake taratibu, akasema, “Mwanangu, barabara ile ni kona na mteremko mpaka chini. Oili ikiingia hapa, breki itabaki jina.” Mkubwa alinuna, lakini hakuondoka. Gari lilikaa siku mbili, sili ikaja, safari ikafanyika. Hakuna aliyemshukuru mzee, kwa sababu ajali isiyotokea haina mashahidi. Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa watu wa magari, ukuta huo mara nyingine ni kaburi.

Tazama pia lugha ya watu hawa. Difu mbovu kwao “inalia”. Beringi iliyoharibika “imekufa”. Gurudumu lenye mwanya “linacheza”. Tairi lisilokaa sawa “linakula upande”. Wameyachukua maneno beringi, difu na spana kutoka ugenini, wakayavika mavazi ya sarufi yetu, kisha wakakipa chuma uhai kwa vitenzi vya Kiswahili vya asili. Kazi hiyo ya lugha haikufanywa na kamati yoyote. Ilifanywa chini ya miembe, na watu ambao mikono yao haikauki mafuta.

Mwezi wa Oktoba 2024 palifanyika tamasha la Land Rover mjini Arusha, na mamia ya magari hayo yakapita barabarani. Watu waliyashangilia magari, na ilistahili. Lakini gari la nusu karne halitembei kwa sifa. Linatembea kwa sababu yuko mtu aliyelisikiliza, akalifungua, akalipima na kulifunga tena. Wengi wa watu hao ni wazee sasa, na elimu yao haimo katika vitabu vya Kiswahili. Imo katika viganja. Magari mapya yanataka elimu nyingine, na hilo si kosa. Kosa litakuwa kuiacha elimu ya kwanza izikwe pamoja na wenyewe kabla hatujaiandika.

Ndugu walimu, tunawatuma wanafunzi kwa wazee wakakusanye methali na vitendawili. Watumeni na kwenye gereji pia. Wachukue daftari, waamkie kwa adabu, waulize jina la kila chombo, sababu ya kila hatua na maana ya kila mlio. Mwalimu wa fizikia atapata somo la mwendo na nguvu, mwalimu wa Kiswahili atapata msamiati, na fundi atajua kwamba taifa linamhesabu miongoni mwa wasomi wake.