Boriti Haifiki

Kila Jumamosi usiku meza yetu ya kulia, hapa Dubai, hugeuka nchi nyingine. Mwanangu na wenzake watatu hutandaza karatasi ya miraba, hurusha dadu zenye pande ishirini, na mmoja wao huwasimulia wenziwe walikofika: pangoni, msituni, ngomeni. Mchezo huo, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Kwa muda mrefu niliuona upuuzi mtupu.

Mwanangu alipofikiwa na zamu ya kusimulia, alichora kasri la sultani lenye ukumbi wa futi 60 kwa 40, bila nguzo hata moja. Mama yangu, aliyekuwa akitoa tende kokwa pembeni, akavaa miwani.

"Mume wangu," akamwita, kama bibi zetu wawaitavyo wajukuu, "dari hii umeishika kwa nini?"

"Kwa miti, Bibi."

"Miti gani? Boriti haifiki."

Boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vya wazee wetu. Kwa kuwa haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi, nyumba za mawe za Unguja na Lamu zikawa na vyumba virefu, vyembamba. Majahazi yaliyorudi na kusi yalizileta boriti hizo hizo mpaka Ghuba. Nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum, pale Shindagha, ilijengwa mwaka 1896 kwa kipimo hicho hicho. Nimepita humo mara nyingi na wageni. Sikupata kuinua kichwa nikatazama juu.

Mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, mizinga ya Waingereza ililipiga jumba la sultani Unguja kwa muda wa dakika 40 hivi. Beit al-Hukm ikaangamia. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ikasalimika. Kumbi zake zilikuwa pana kwa sababu zilibebwa na chuma. Upande mmoja wake ulipoporomoka Desemba 2020, Mama aliitazama picha katika simu yangu, akanirudishia bila ya neno.

Ndivyo alivyokuwa. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka tisa. Safari ametusimulia mara nyingi mno; nyumba, kamwe. Usiku ule akachukua penseli ya mjukuu wake. Akachora baraza, daka, uwanja wa ndani, ngazi yenye kipago kimoja kilicholegea, vidaka vya sahani za kichina. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai mkononi, nikiogopa kutia mguu ndani. Alipofika chumba cha mwisho ghorofani, akaiweka penseli.

"Hiki hakifunguliwi."

Mwanangu hakumuuliza. Akaandika tu: umefungwa.

Jumamosi iliyofuata wachezaji waliingia katika nyumba hiyo, wakapanda ngazi, wakafika mlango ule. Kijana mmoja akashika dadu ili auvunje, kama wafanyavyo katika michezo yao. Mwanangu akamwambia hauvunjiki. Wakabishana. Ndipo sauti ya Mama ikatoka jikoni:

"Bisheni hodi. Nyumba ina wenyewe."

Wakagonga meza mara tatu, wakangoja.