Siku Baba Alipouliza Jina la Ugonjwa Wake

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeiandika mara nyingi katika makala zangu, msomaji mpendwa, lakini mwaka jana ilinigeukia mimi mwenyewe.

Baba yangu ana umri wa miaka 77. Anaishi karibu na Chepilat, mahali Wakipsigis na Wakisii wanapokutana sokoni, na hadi leo huchuma majani chai yake kwa mikono yake. Tumbo lilipomsumbua tulimpeleka kupigwa picha. Tumbo halikuwa na neno, lakini katika figo ya kushoto palionekana uvimbe wa sentimita 3. Sampuli iliyotolewa kwa sindano ikathibitisha kwamba ni saratani.

Mimi na ndugu zangu tulikubaliana kumficha. Tulimwambia ni kijiwe tu. Moyo wake ni mgonjwa, na daktari wa upasuaji alituonya kwamba huenda asiamke mezani. Tukaona hakuna la kufanya; ya nini basi kumtia hofu?

Siku ya kurudi kliniki, Baba alimtazama daktari usoni. "Daktari, ugonjwa huu unaitwaje?" Daktari alinitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

"Ni saratani, mzee."

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sasa nieleze dawa zake."

Ndipo nikasikia nisilolijua. Upasuaji ndio chaguo la kwanza kwa mwenye nguvu. Kwa Baba, daktari alisema, palibaki kungoja huku akipigwa picha mara kwa mara, kwani uvimbe mdogo wa figo mara nyingi hukua polepole, au mionzi ya kulenga.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini saratani ya figo haisikii mionzi. Kweli, haikusikia ile ya kidogo kidogo ya kila siku. Hii ya kulenga ni kali, na hutolewa mara chache tu. Miale myembamba hutoka pande nyingi, na mashine huzingatia jinsi figo inavyopanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Baba alielewa kabla yangu: "Ni kama vijia vya kwenda kituo cha majani chai. Kila kijia kina nyasi, ila pale vinapokutana nyasi hufa."

Utafiti uliofanywa Australia na Uholanzi, uliochapishwa 2024, ulihusu wagonjwa 70 ambao hawangeweza kupasuliwa au waliokataa kisu. Mwaka mmoja baada ya tiba, uvimbe uliotibiwa haukuwa umeanza kukua tena kwa hata mmoja. Lakini figo hupungukiwa na nguvu kiasi, na hilo Baba aliambiwa waziwazi. Hapa kwetu, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilipata mashine ya CyberKnife, ya kutoa mionzi ya namna hii, mwaka 2023.

Uamuzi ulikuwa wake. Alichagua mionzi. Tulisafiri hadi Nairobi kupitia Bomet na Narok. Alilala chini ya mashine bila kisu wala dawa ya usingizi, na siku hiyo hiyo akatoka kwa miguu yake akiuliza chakula.

Miezi 6 baadaye picha ilionyesha uvimbe bado upo. Nilishtuka. Daktari akaeleza kwamba uvimbe uliochomwa hausinyai upesi, na mara nyingine kovu lake hubaki. La muhimu ni kwamba haukui. Tutaendelea kumpeleka kupigwa picha.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwomba Baba msamaha. Alicheka. "Mwanangu, mlikuwa mnaniomboleza nami ningali nachuma chai."

Msomaji, ikiwa kuna mzee nyumbani kwako mnayemficha ugonjwa wake, mwambieni. Pengine ndiye atakayeuliza swali ambalo ninyi mmeogopa kuuliza.