Nilimwambia Papa Aache Dawa ya Tansio

Habari hii ninaiandika kwa haya. Lakini ninaiandika, sababu pengine iko kijana mumoja katika jamaa yenu mwenye atafanya kama vile nilifanya.

Papa alitumika miaka mingi katika Gécamines kule Likasi. Tangu alipoingia pansheni anakunywa dawa ya tansio, captopril, asubuhi na mangaribi. Mwezi wa tatu 2020 korona iliingia katika inchi yetu. Mugonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10. Mimi nilikuwa Lubumbashi, na simu yangu ilijaa sauti za watu. Sauti moja ilisema: «Wenye kunywa dawa ya tansio, muache! Ile dawa inafungulia korona mulango.» Mwenye kusema alijiita munganga, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Nikaamini. Nikapigia Papa simu.

«Papa, ile dawa uache.»

«Mwanangu, munganga njo alinipa.»

«Acha tu kwanza, Papa.»

Aliacha. Aliniamini sababu mimi njo nilisoma.

Kisha majuma mawili, asubuhi moja, mukono wake wa kushoto ulikataa kufunga vifungo vya shati. Mudomo ukapinda. Mama akaita majirani, wakamupeleka hospitali. Tansio: 21 na 12. Damu ilikuwa imekosa njia katika sehemu moja ya kichwa. Wakamupima korona: hakuwa nayo.

Nilipofika, mama infirmie aliuliza: «Nani aliwaambia kuacha dawa?» Nikanyamaza. Papa njo alijibu, kwa shida: «Nilisahau.»

Tangu pale nilitafuta kujua. Ile sauti haikusema uongo mutupu. Ni kweli, korona inaingia katika mwili kupitia mulango wenye waganga wanaita ACE2. Tena, majaribio fulani kwa nyama yalionyesha kama dawa zingine za tansio, zile zenye jina linamalizika kwa «-pril» ao «-sartan», zinaweza kuongeza ile milango. Kwa hiyo waganga wamoja waliandika mashaka yao. Lakini mashaka si ushuhuda. Tarehe 13 ya mwezi ule ule, waganga wa moyo wa Ulaya waliomba wagonjwa waendelee na dawa zao. Habari ile haikufika katika simu yangu.

Kiisha, kule Brazili, waganga walipima jambo lenyewe. Walichukua watu 659 wenye korona waliolala hospitali, na wote walikuwa wanakunywa dawa hizo tangu mbele. Kwa kura, 334 walisimamishiwa dawa siku 30, na 325 waliendelea. Matokeo yalichapishwa mwezi wa kwanza 2021: upande wa kuacha walikufa watu 9, upande wa kuendelea 9. Kuacha hakukuwasaidia.

Nusu ya kweli inaweza kuumiza kupita uongo, sababu inaingia ndani ya nyumba bila kubishwa. Korona ilikuwa hatari kwa wazee wenye tansio, ndiyo. Lakini tansio yenye kuachwa bila dawa iko hatari yake, na haingojee korona. Munganga anaweza kusimamisha dawa, kama tansio imeshuka sana ao figo zimechoka. Ile ni kazi yake, maana iko anapima. Mimi sikupima kitu, nilisikiliza simu.

Basi vijana, wazazi wetu wanatuamini sababu tulisoma. Ukisikia habari juu ya dawa yao, usianze na kuwaambia «acha». Beba kidonge, enda nacho kwa munganga, uliza.

Papa angali anaishi. Mukono haukurudi wote; Mama njo anamufungia vifungo. Mutu akimuuliza, angali anajibu kama alisahau dawa. Mimi ninaandika hapa ili ijulikane: hakusahau.